Samaki Wanane wa Bramwel Osundwa

Kwa karibu mwaka mzima Bramwel Osundwa hakuwa ameomba kitu chochote. Siku aliyoomba, aliomba samaki, na hakuwataka wa kula.

Ilikuwa Ijumaa, mwishoni mwa Aprili. Yeye na mkewe Muhonja walikuwa wametoka hospitalini, na mvua ya saa tisa ikawakuta katikati ya mji wa Kakamega. Wakajibanza kwenye baraza ya duka moja la dawa. Mwenye duka alikuwa ameweka tangi la kioo karibu na kaunta, na ndani yake samaki watano wekundu walikuwa wakienda na kurudi bila haraka yoyote. Bramwel aliegemea fremu ya mlango akawatazama. Mvua iliisha. Muhonja akamshika mkono waende kutafuta tuktuk, lakini hakusogea.

"Mama Gentrix," akasema, "mimi nataka kitu kama hicho."

Muhonja alidhani anazungumzia maji. "Daktari alisema bilauri mbili kwa siku, Baba Gentrix. Na leo ushakunywa moja na nusu."

"Si ya kunywa. Ya kuangalia."

Bramwel alikuwa fundi wa mabomba kwa miaka ishirini na sita. Ukienda Amalemba, ukienda Maraba, ukienda Sichirai, ungekuta nyumba ambazo maji yake yaliingia kwa mkono wake. Kisha shinikizo la damu, ambalo hakujua analo, likamla figo zote mbili kimyakimya. Tangu hapo, kila Jumanne na kila Ijumaa, alilala kwa saa nne kando ya mashine ikisafisha damu yake kupitia mpira uliopachikwa shingoni. Ndugu zake wawili walipimwa ili mmoja atoe figo. Mmoja alikutwa na sukari. Wa pili majibu yake yalikuwa mazuri, lakini wiki hiyohiyo akaacha kushika simu. Bramwel hakumlaumu. Aliacha tu kuzungumzia habari za figo, na polepole akaacha kuzungumzia habari nyingine zote pia.

Kwa hiyo alipoomba samaki, Muhonja hakuuliza la pili. Jumatatu alikuwa kwenye kibanda cha Eugene, kijana aliyeuza matangi ya kioo na samaki wa mapambo karibu na soko, na Jumatano tangi likaletwa nyumbani kwao Shirere juu ya tuktuk, limefungwa kwa blanketi.

Siku hiyo Bramwel alishuka kitandani mwenyewe. Alikwenda hadi kwenye sanduku lake la vifaa, ambalo halikuwa limefunguliwa tangu augue, akatoa pimamaji. Aliiweka juu ya meza, akainama, akafunga jicho moja.

"Meza imelala upande huu," akamwambia Eugene. "Tangi likikaa hivi, uzito wote utakuwa kona moja. Halitamaliza mwezi, litapasuka."

"Mzee, uko sawa kabisa," Eugene akasema.

Walikunja kipande cha kadibodi wakaweka chini ya mguu wa meza. Bramwel akapima tena. Muhonja alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi, na aliogopa hata kusogea asije akaharibu kitu.

Eugene alionyesha jinsi ya kuosha changarawe, jinsi ya kufunga mashine ndogo ya kuchuja maji, ambayo ndani yake ilikuwa na sponji nyeusi, na jinsi ya kupima chakula kwa ncha ya kijiko. Wakajaza maji ya bomba.

"Yaache hadi kesho, ile dawa ya bomba itoke. Kesho naleta samaki."

"Kesho tu?" Bramwel akauliza.

"Kesho tu, mzee. Hakuna maneno."

Alileta wanane. Walikuwa wadogo, wa rangi ya dhahabu, wawili wakiwa na mabaka meupe. Bramwel alikaa mbele yao kwenye stuli mchana kutwa, na kufikia jioni alikuwa amewapa majina. Hakuwaita majina ya watu. Aliwaita mitaa aliyoweka mabomba: Amalemba, Maraba, Lurambi, Milimani, Shirere, Sichirai, Mudiri na Bukhungu. Lurambi ndiye aliyekuwa mkubwa, mwenye baka jeupe kichwani, na alipenda kusukuma wenzake penye chakula.

"Hata mtaa wenyewe ulikuwa hivyo," Bramwel akasema. "Watu wa Lurambi walikuwa wananigombania maji kabla hata sijafunga koki."

Muhonja alicheka. Alicheka mpaka akaketi.

Siku tano zilizofuata zilikuwa nzuri kuliko siku zozote tangu ugonjwa uanze. Bramwel aliamka kabla ya kuitwa. Alikula obusuma, ugali wa kwao, kwa yai bila kusukuma sahani kando. Binti yao Gentrix alipopiga simu kutoka Doha, ambako alifanya kazi za nyumbani, baba yake aliigeuza simu kuelekea kwenye kioo akamtajia samaki mmoja mmoja, na Gentrix akalia kwa furaha huko aliko. Siku ya Jumanne hospitalini, akiwa amelala kando ya mashine yake, Bramwel alimsimulia mgonjwa wa kitanda cha jirani habari za Lurambi na tabia zake.

Siku ya sita maji yakachafuka.

Hayakuwa machafu ya matope. Yalikuwa na ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele. Samaki wote walikuwa wamepanda juu, midomo yao ikigusa uso wa maji, wakifungua na kufunga. Kabla ya saa sita mchana Milimani alikuwa amelala ubavu juu ya changarawe.

Muhonja alimtoa kwa kichujio cha chai. Kisha akafanya kile alichokijua.

Inafaa kusema hapa kwamba Muhonja hakuwa mwanamke wa kupenda usafi kupita kiasi, hapo zamani. Lakini mwezi wa Oktoba ule mpira wa shingoni ulikuwa umeingia wadudu, Bramwel akatetemeka kwa homa siku nne, na muuguzi mmoja akamuuliza Muhonja mbele ya wagonjwa wengine, "Kwani huko nyumbani kwenu kukoje, mama?" Alirudi nyumbani akaosha kuta. Tangu siku hiyo alichemsha taulo, alipiga pasi hadi soksi, na alifuta vitasa vya milango asubuhi na jioni. Swali lile lilikuwa limekaa ndani yake kama mwiba uliovunjikia kwenye nyama.

Sasa alipoona maji yale, aliona uchafu, na uchafu alijua jinsi ya kuushughulikia. Aliwatoa samaki saba akawaweka kwenye beseni. Akamwaga maji yote. Akasugua kioo. Akaosha changarawe mara tatu mpaka maji yakawa meupe. Akaichomoa ile sponji nyeusi, ambayo ilikuwa imeanza kuwa na utelezi wa kahawia, akaikamua kwa maji moto na sabuni mpaka ikarudi kuwa kama mpya. Akajaza maji mapya ya bomba na kuwarudisha samaki. Tangi liling'aa.

Bramwel alikuwa amekaa kwenye stuli yake, simu mkononi. Alimwangalia mwanzo hadi mwisho.

Kesho yake Sichirai alikufa, na Mudiri akafuata kabla ya jioni.

Muhonja akampigia Eugene. "Weka chumvi kidogo, mathe," Eugene akasema. "Ni ugeni tu huo, watazoea. Nikipata wengine nitakuongezea." Alikuwa kijana mwenye heshima na hakuwa mwongo. Aliuza samaki, na wakishatoka kwenye kibanda chake hakujua mengi juu yao. Muhonja aliweka chumvi. Aliendelea kuosha. Sasa aliosha kila siku, sponji kwanza, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikishika utelezi haraka. Bukhungu alikufa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Shirere alikutwa Jumamosi amejikunja nyuma ya mashine, matamvua yake, pale samaki anapopumulia, yakiwa mekundu kama kidonda.

Wakabaki watatu: Amalemba, Maraba na Lurambi.

Jumatatu yake, mwanamke mmoja wa kikundi chake cha akina mama alimwambia Muhonja kwamba kwenye barabara ya Shinyalu kuna shamba la vifaranga vya samaki, na mwenye shamba, anayeitwa Jepkorir, ni mtu aliyesomea mambo hayo. Muhonja alichota maji ya tangi kwenye chupa, akapanda pikipiki akaenda.

Jepkorir alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, amevaa buti za mpira hadi magotini. Aliichukua ile chupa bila maswali mengi, akamimina maji kidogo kwenye kichupa chembamba, akadondoshea matone ya dawa, akakitikisa. Maji yakageuka kuwa ya kijani kibichi, kizito.

"Samaki wangapi?" akauliza.

"Walikuwa wanane. Wako watatu."

"Tangi lina muda gani?"

"Hata mwezi halijamaliza."

Jepkorir akakiweka kichupa chini. "Mama, keti. Samaki anakula, si ndiyo? Na akila lazima atoe. Mtoni vile anavyotoa vinakwenda na maji. Kwako vinakwenda wapi?"

"Kwenye ile mashine. Inachuja."

"Inashika kile kinachoonekana. Lakini kuna sumu inayoyeyuka kwenye maji, haionekani, hata maji yawe meupe namna gani. Inaitwa amonia. Hiyo ndiyo inawaunguza. Sasa Mungu ameweka vijidudu vinavyoila hiyo sumu. Vinaishi kwenye changarawe, na hasa kwenye sponji. Tangi jipya halina. Vinachukua wiki nne, tano, hata sita kuzaana vya kutosha. Ndiyo maana mtu huanza na samaki wawili, tena baada ya kusubiri sana. Ule utelezi wa kahawia kwenye sponji, uliuona?"

Muhonja aliitikia kwa kichwa.

"Ndivyo vijidudu vyenyewe. Sponji huwa unaiosha mara ngapi?"

Muhonja aliangalia buti za yule mwanamke. "Kila siku."

"Kwa maji ya bomba?"

"Kwa maji moto. Na sabuni."

Jepkorir alikisuuza kile kichupa. Alikuwa mtu mwema na alitafuta namna ya kulisema. "Watu wengi hufanya hivyo," akasema mwishowe. "Hakuna aliyewaambia."

Alimpa masharti: asimwage tena maji yote, ila abadilishe robo tu kila siku, kwa maji yaliyolala kwenye ndoo, chakula kidogo, siku moja awape, siku moja awanyime, na sponji isiguswe, na ikiwa lazima, isuuzwe kwa maji ya tangi lenyewe. Kisha akakata kipande cha sponji kuukuu kutoka kwenye chujio la tangi lake la vifaranga, chafu, cheusi, kinanuka tope, akakitia kwenye kopo lenye maji.

"Hiki kina uhai. Kiweke ndani ya mashine yako leo leo. Sikuahidi kitu, lakini kitasaidia."

Muhonja alirudi amelipakata lile kopo kifuani, na kila shimo barabarani alimwomba mwenye pikipiki apunguze mwendo. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kumwambia mumewe. Alipofika alimkuta kwenye stuli. Akatia kile kipande ndani ya mashine, akajipangusa mikono, akakaa sakafuni.

"Baba Gentrix, ni mimi. Nilikuwa nawaua mimi. Kwa kuwaosha."

Bramwel hakugeuka. "Najua."

"Unajua nini?"

"Nilisoma kwenye simu. Siku ile ya Milimani, ukiwa unaosha. Imeandikwa kila mahali: usimwage maji yote, usioshe chujio." Alisema polepole, kwa ile sauti kavu ya mtu anayehesabu hata mate. "Sumu inatoka kwao wenyewe. Kama hii yangu."

Muhonja alimgeukia. "Ulijua, na ukaniangalia tu? Wanne wengine wamekufa ukiniangalia?"

"Mimi naambiwa kila siku. Usinywe. Usile ndizi. Usile maharagwe. Usilalie upande huu. Wewe pia unaambiwa: chemsha, futa, osha. Nikasema mimi sitakuwa mtu mwingine wa kukwambia usifanye." Kisha akaongeza, bila kupandisha wala kushusha sauti: "Na nilitaka kuona wanavyokwenda. Kama inauma. Sikuona kama inauma sana. Wanachoka tu."

Muhonja aliinuka akaenda jikoni. Alisimama huko mpaka chai ikafurika ikazima jiko.

Walifuata masharti ya Jepkorir. Ndoo mbili za maji zililala kando ya mlango kila siku, na kila asubuhi Muhonja alitoa robo na kuingiza robo. Alijilazimisha kutoangalia ile sponji. Mikono yake ilimwasha kwa kutaka kuichomoa. Amalemba alikuwa ameshaungua sana, na siku ya tatu akafa. Lakini Maraba na Lurambi walishuka kutoka juu, wakaanza kuzunguka chini kwenye changarawe kama zamani. Ukungu ukaondoka. Wiki moja ikapita, na nyingine. Bramwel akaanza tena kusema kidogo, na Muhonja, ingawa hakumsamehe sawasawa, akaanza kuamini.

Kisha, katikati ya Juni, radi ikapiga transfoma ya mtaa. Stima ikapotea siku mbili nzima.

Mashine iliponyamaza, Bramwel alivuta stuli karibu na tangi, akachukua kikombe cha bati. Alichota maji, akayainua juu, akayamimina polepole yarudi tangini yakipiga mapovu, ili hewa iingie. Akachota tena. Muhonja alipotaka kumpokea, akakataa.

"Hii ni kazi yangu," akasema.

Aliifanya kutwa nzima, na kesho yake tena tangu alfajiri. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu, miguu imevimba ikijaa viatu, naye anachota na kumimina, anachota na kumimina, maji yakimtiririkia hadi kwenye kiwiko. Muhonja alikuwa akimwangalia kutoka kwenye kiti akidhania kwamba wakati wowote atakipeleka kile kikombe kinywani. Hakukipeleka. Alasiri ya siku ya pili mkono ulimkataa. Kikombe kikamponyoka kikaanguka ndani, na akashindwa hata kuinuka kukitoa. Muhonja akaendelea yeye. Stima iliporudi magharibi, Maraba alikuwa amekufa. Lurambi alikuwa hai.

Jumanne hospitalini damu haikupita. Mpira ulikuwa umeziba. Daktari, mtu mpole mwenye miwani, alieleza kwamba shingo imeshachoka, pande zote mbili, kwani huu ulikuwa mpira wa nne. Sasa wangejaribu pajani, na hapo pajani wadudu huingia upesi zaidi, lakini hakuna njia nyingine. Wangemwekea kesho.

Bramwel alisikiliza hadi mwisho. Kisha akavaa shati.

"Asante, daktari," akasema. "Mimi naenda nyumbani."

"Utarudi kesho asubuhi?"

"Hapana."

Muhonja alifikiri ni hasira za siku moja. Usiku ulipopita akafikiri ni za siku mbili. Ijumaa ilipofika akamtolea nguo, akaita tuktuk, ikaja ikanguruma langoni, na Bramwel akageukia ukutani. Muhonja alimsihi. Alipiga magoti. Alimletea mchungaji, ambaye alizungumza juu ya Hezekia aliyeongezewa miaka kumi na mitano, na Bramwel akamjibu kwa adabu kwamba Hezekia hakuwekwa mpira pajani. Gentrix alipiga simu akipaza sauti, "Baba, usinifanyie hivi nikiwa mbali, tafadhali, nisubiri nije," na baba yake akasema, "Fanya kazi yako vizuri, mama yangu. Kula vizuri," akarudisha simu.

"Basi nitawaita wanaume wakubebe," Muhonja akamwambia. "Nitamwita Simiyu wa hapo jirani na ndugu zake, wakubebe kama gunia."

"Unaweza," Bramwel akasema. "Siwezi kupigana nao. Lakini nitarudi na mpira pajani, na nitakuangalia ukichemsha taulo, na mwezi wa nane utaingia wadudu, na utajiuliza tena ni kitu gani hukuosha." Akamshika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi na vimejaa maji. "Huku si kuchukia kuishi. Nimechoka. Wewe hujachoka?"

Hilo ndilo swali ambalo Muhonja hakuweza kulijibu, maana jibu lilikuwa ndiyo, na hakutaka kulisikia likitoka kinywani mwake. Hakumwita Simiyu.

Ilichukua siku tisa. Siku za kwanza alimpa maji kila alipotaka, bilauri tatu, bilauri nne, na Bramwel aliyanywa amefumba macho. Hicho ndicho kitu pekee Muhonja alichomwona akikifurahia. Baadaye pumzi ikawa fupi, akawa anajikuna mpaka ngozi inatoka, kisha akaanza kuchanganyikiwa, akamwita Muhonja kwa jina la mamake, akauliza kama koki ya Mudiri imefungwa. Yale aliyoyasema juu ya samaki, kwamba wanachoka tu, hayakuwa kweli. Iliuma. Muhonja aliona ikimuuma, na hakukuwa na kitu cha kuosha wala cha kuchemsha. Alikufa siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, jua likiwaka.

Nyumba ikajaa. Akina mama wa kikundi walikuja na unga na majani ya chai, wanaume wakafunga turubai uani, jamaa wakateremka kutoka Shinyalu na Ekero. Samani zikatolewa nje, lakini tangi lilikuwa zito likaachwa pale pale. Watoto wa wageni walilizunguka. Lurambi alikuja juu kila kidole kilipogusa kioo, kama alivyozoea, nao wakamrushia walichokuwa nacho: chapati, mkate, wali. Hakuna mtu mzima aliyewaona, au waliowaona hawakujua kwamba kuna kosa. Siku ya pili ya matanga, Muhonja alipoingia kuchukua mkeka, alimkuta Lurambi juu ya maji, kati ya vipande vya mkate vilivyovimba. Alisimama hapo kidogo. Kisha mtu akamwita kutoka uani, akachukua mkeka akatoka. Jioni yake mtu mwingine alikuwa ameshamtoa yule samaki. Muhonja hakuuliza ni nani.

Bramwel alizikwa Shinyalu siku ya Jumamosi. Gentrix hakupata ruhusa ya kuja.

Wiki mbili baada ya mazishi, Jepkorir alikuja kutoa pole. Hakuwahi kumwona Bramwel. Alikuwa amesikia kwa yule mwanamke wa kikundi. Alivua buti mlangoni, akanywa chai, akasema maneno yanayosemwa. Macho yake yalikwenda kwenye tangi. Maji yalikuwa meupe kabisa, mashine ikizunguka, ndani hamna kitu.

"Yule wa mwisho?" akauliza.

"Alikufa kwenye matanga. Watoto walimlisha."

Jepkorir alitikisa kichwa. Kwa mazoea tu alitoa kichupa chake mfukoni, akachota, akadondosha matone, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Safari hii maji yalibaki ya manjano mepesi.

"Hayana sumu," akasema. "Nitakuletea wawili. Nyumba isiwe kimya hivi."

"Usiniletee."

"Wadogo tu, mama. Sasa hivi wataishi."

"Najua wataishi." Muhonja alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya leso yake. "Nikuulize kitu. Kama nisingeosha ile sponji, wale wanane wangekuwepo?"

Jepkorir alifikiri kudanganya, kisha akaona yule mwanamke anataka ukweli. "Pengine wanne. Pengine watano."

"Na yeye? Kama ningemwita Simiyu na ndugu zake wambebe hadi hospitalini?"

"Mimi ni mtu wa samaki tu, mama," Jepkorir akasema kwa sauti ya chini. "Sijui."

Mvua ya alasiri ilianza kupiga mabati, na hawakuweza kusikilizana tena. Walikaa hivyo mpaka ikapungua. Jepkorir akavaa buti zake, akaaga, na Muhonja akamsindikiza hadi langoni. Aliporudi ndani alichukua kiti, akakielekeza mlangoni, akaketi akiligeuzia tangi mgongo.